Tofali la Ishirini na Nne

Sehemu ya Tano

Gari halikumgonga.

Naanza na hilo kwa sababu wapo waliolikunja gazeti wiki iliyopita wakaanza kumlilia Nyamizi. Futeni machozi. Nyamizi yupo hai, amesimama katikati ya barabara ya Mtaa wa Darajani, Kawajense, mikono ameitanua kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani, macho ameyafumba. Bampa ya gari la wataalamu imegusa kanga yake. Imegusa tu.

"We dada!" dereva alifoka, kichwa nje ya dirisha. "Umechoka kuishi?"

Nyamizi akafumbua jicho moja.

"Msiondoke," alisema.

Alisema kwa sauti yake ile ndogo, ambayo wateja humwambia kila siku, fundi hebu rudia.

"Nini?" dereva aliuliza. "Hebu rudia."

"Msiondoke. Mmetupa alama ambazo siyo zetu."

Kama wiki iliyopita gazeti lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, mambo yalikuwa hivi. Mji wa Mpanda unakua haraka, na wataalamu wawili walitumwa kuupima mtaa kwa mtaa: mvua kubwa ikija, nani atasalimika na nani atabebwa? Mwenyekiti wa Darajani, Mzee Machibya, aliposikia kuna alama akajua ni mashindano. Akaamuru kuta zikandikwe upya na kupigwa chokaa. Akaamuru kila nyumba iwe na bustani ya maua mbele, izungushiwe matofali meupe, kama ofisini. Na mgeni akiuliza habari za maji, jibu liwe moja tu: maji yanapita mbali.

Wageni wakapima. Themanini na sita kwa mia! Ngoma ikapigwa, Mwenyekiti akacheza mpaka kofia ikadondoka.

Nyamizi, fundi cherehani, alikuwa ameshuka kwenye basi saa hiyo hiyo, akitoka Mishamo ambako alikaa siku tatu kushona sare za shule. Ndiye peke yake aliyemsikia kijana wa tableti akimwambia dereva, "Hawa wako salama. Mfereji wa mawe utaenda kwa wenye alama za chini."

Mfereji! Ule ambao Darajani wameulilia miaka mitano!

Na kwa Nyamizi jambo hili lilikuwa na sura ya kitanda kimoja. Bibi Dorotea, aliyemlea, miguu imemwisha nguvu. Kila masika maji yakiingia ndani, Nyamizi humwongezea tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda. Sasa yamefika sita. Likiongezwa la saba, hataweza kumpandisha tena peke yake. Yakibaki sita, maji ya mwaka huu yatamfikia Bibi alipolala. Mwezi wa Februari ulikuwa umeshafika nusu.

Ndiyo maana aliruka mbele ya gari.

* * *

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akashuka Injinia Gaudensia, mama mnene mwenye buti za mpira na kofia pana. Nyuma yake akashuka Yasser, yule kijana wa tableti.

"Unaitwa nani, binti?"

"Nyamizi."

"Nyamizi, kila mtaa nikishasoma alama, mtu hunifuata analia. Jana walinifuata watatu. Sasa fomu yangu haina mahali pa kuandika machozi. Una kitu cha kupima?"

Kabla hajajibu, Mzee Machibya alifika anahema, koti la suti limefungwa kifungo kimoja ambacho kilikuwa kinateseka.

"Injinia, mayu, mama yangu, usimsikilize mtoto huyu! Katoka safari, kichwa bado kiko kwenye basi."

"Mwenyekiti, hapa maji yanaingia au hayaingii?"

"Yanapita mbali."

"Kwako je?"

"Kwangu!" Mwenyekiti alicheka. "Kwangu maji hayajagusa hata kizingiti tangu nijenge."

Nyamizi akatia mkono kwenye kapu lake, akatoa daftari. Daftari la shule la kawaida, limechakaa pembe, limejaa namba.

Hapa lazima niwaeleze kidogo, kisha twende mbio. Darajani wanawake wanapenda kitanda kivalishwe sketi, kile kitambaa cha marinda kinachozunguka kitanda kuanzia chini ya godoro mpaka sakafuni. Kinapendeza, na kinaficha mengi. Mshonaji ni Nyamizi. Na huwezi kushona sketi ya kitanda bila kupima kitanda kimeinuka kiasi gani.

"Hivi ni vipimo vya vitanda vya mtaa mzima," alisema. "Vinapanda. Kila mwaka naitwa kuongeza kitambaa, kwa sababu kila mwaka watu wanaongeza tofali. Nimeandika tofali ngapi, na mwaka gani."

Injinia akalipokea. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Miwani ikashuka puani.

"Yasser, hebu njoo. Mwaka elfu mbili na ishirini, tofali moja. Ishirini na mbili, mawili. Mwaka jana matatu. Na huku chini ya mtaa yanafika matano, sita."

"Miaka hiyo ndiyo viwanja vya kule juu vimejengwa," Yasser alisema, akinyoosha kidole kwenye mlima wa mabati mapya yaliyokuwa yanang'aa juani.

"Ndiyo," alisema Nyamizi. "Bibi yangu anasema, juu wakiezeka bati moja, sisi tunaongeza tofali moja."

Injinia akamtazama kama mtu aliyeokota simu njiani. Lakini Yasser akatikisa kichwa.

"Injinia, kwenye kikao cha kugawa mfereji watatucheka. Tuwaambie tumebadilisha alama kwa sababu ya daftari la cherehani?"

"Kweli." Injinia akalifunga daftari. "Basi tuhakiki. Nyamizi, chagua nyumba moja. Mimi ni mwanamke, kuingia chumbani siyo vibaya. Nikikuta kama ulivyoandika, naanza kupima upya. Nikikuta tofauti, napanda gari na naomba usisimame tena mbele yake."

Watu wakaguna. Mguno wa hasira.

"Wee Nyamizi!" ilipaa sauti kutoka nyuma. "Yaani tunakufungulia vyumba, unakuja kutusoma barabarani?"

Huyo alikuwa Mwanaiddi, muuza dagaa. Mwanaiddi akitangaza dagaa Kawajense, walioko Kashaulili wanaanza kutafuta vikapu. Nyamizi uso ukamwaka. Alijua anachofanya. Fundi wa sketi za vitanda anafika mahali ambapo hata wifi hafiki, na anatakiwa atoke na mdomo wake umefungwa.

"Nisamehe dada," alisema. Hakuna aliyesikia.

Ghafla Mwanaiddi akatabasamu. Tabasamu refu, la kutia wasiwasi.

"Haya! Waje kwangu. Mimi chumbani sina cha kuficha."

"Nimeandika matatu," Nyamizi alimwambia Injinia. "Kila mguu matofali matatu."

Wakaingia. Chumba kilinukia udi na dagaa, nusu kwa nusu. Kitanda kilikuwa palepale, na sketi yake ya zambarau ambayo Nyamizi aliishona kwa mkono wake. Ila sketi ilikuwa imejikunja sakafuni marundo marundo, kama gauni la kuazima.

Injinia akainama, akainua marinda.

Akainua na upande wa pili.

"Binti," alisema, "hapa hakuna hata tofali moja."

* * *

Nyamizi alipiga magoti mwenyewe. Akachungulia. Miguu minne ya kitanda ilikuwa imesimama kwenye saruji, mitupu. Matofali aliyoyahesabu kwa macho yake yalikuwa yameyeyuka!

"Ziro," Yasser alisema mlangoni, akaandika.

Nje, Mwenyekiti alipiga makofi ya furaha. Watu walicheka. Injinia hakucheka, alimgusa Nyamizi bega tu, akaelekea kwenye gari.

"Pole," alisema. "Ulijitahidi."

Nyamizi akatoka. Alipofika mbele ya nyumba, akakaa chini, hapo hapo kwenye bustani ya Mwanaiddi, juu ya tofali jeupe lililozungushia maua. Maua yenyewe yalikuwa yamechomekwa jana na yameshanyauka.

Tofali likamkera. Lilikuwa na shimo. Akasogea, akalitazama. Katikati ya chokaa palikuwa na alama ya mduara, imebonyea, upana wa kikombe cha chai.

Upana wa mguu wa kitanda.

Nyamizi akahesabu matofali ya bustani. Moja, mawili, matatu. Yalikuwa kumi na mawili. Kumi na mawili ukiyagawa kwa miguu minne...

"Dada Mwanaiddi!" alimvuta kanga. "Haya matofali mmeyatoa wapi?"

"Na wewe! Mwenyekiti kataka matofali kwa siku moja, unafikiri tanuri liko wapi? Tumetoa chini ya vitanda, mtaa mzima." Akainama, akamnong'oneza, ingawa mnong'ono wa Mwanaiddi ni mazungumzo ya kawaida ya watu wengine. "Ndiyo maana nikawaita kwangu. Ulitaka kutuharibia themanini na sita yetu."

"Dada, mwenye alama nyingi hapewi mfereji."

"Hebu rudia."

"Mfereji wanapewa waliofeli. Sisi wametuandika tuko salama. Tumefaulu, basi mfereji hatupati."

Mwanaiddi alivuta pumzi ndefu. Waliomfahamu wakaanza kuogopa. Gari likawashwa. Matairi yakaanza kuzunguka.

"ATI NINI?"

Njiwa waliruka juu ya bati. Gari lilizimika lenyewe, au dereva alikanyaga breki kwa woga, mpaka leo hajui.

"INJINIA! RUDI HAPA! TUMEJISITIRI KWA UJINGA! MATOFALI YAPO, TUMEYAPAKA CHOKAA! JAMANI ENYI WATU WA DARAJANI, TUMEFAULU WENYEWE NA MFEREJI UMEKWENDA!"

Yote ambayo Nyamizi angeyasema kwa wiki nzima, Mwanaiddi aliyamaliza kwa pumzi moja.

* * *

Basi ikawa kazi. Injinia alishuka tena, safari hii mbio mbio.

"Utaratibu ni huu," alisema. "Yasser anahesabu matofali ya bustani kwanza, anasema kwa sauti. Nyamizi anasoma daftari baadaye. Asiyetaka nyumba yake isomwe aseme."

Hakuna aliyesema. Mambo ya aibu, watu wakiaibika wote pamoja, yanakuwa sherehe.

"Kwa Mwanaiddi, kumi na mawili!" Yasser aliita.

"Matatu kila mguu," Nyamizi alisoma.

"Sawa!"

"Kwa Mama Kashinje, kumi na matano!"

Nyamizi akasita. Daftari lilisema manne kila mguu. Manne mara nne ni kumi na sita.

"Tofauti," Yasser alisema, na watu wakashika vichwa.

"Kumi na matano vipi?" Mama Kashinje alikuja juu, akiwa na mwiko mkononi. "Jana nilipaka kumi na sita kwa mkono huu! Nani kachukua tofali langu?"

Likatafutwa. Jikoni hamna. Kwenye banda la kuku hamna. Mwishowe dereva akakohoa.

"Samahani," alisema. "Hili hapa, nililiweka nyuma ya tairi gari lisirudi nyuma."

"Mwizi wa kitanda!" Mama Kashinje alimfukuza na mwiko kuzunguka gari mara mbili, na mtaa ukacheka mpaka watu wakaegemea kuta wakatoka na chokaa mgongoni.

Wakaendelea kushuka. Ishirini: matano kila mguu, sawa. Ishirini tena, sawa. Injinia alikuwa anachora kwenye karatasi kubwa, na kadiri walivyoshuka kuelekea korongoni namba zilikua, nyumba kwa nyumba, mpaka karatasi ikaonyesha maji yote ya mtaa yanavyokwenda bila yeye kuyaona hata tone.

"Miaka kumi na minane napima miji," alimwambia Nyamizi. "Sijawahi kupewa ramani nzuri kama hii. Na imepakwa chokaa."

Kwa Bibi Dorotea yalikuwa ishirini na manne.

"Bibi, na yako wameyatoa?" Nyamizi alichungulia dirishani. Kitanda kilikuwa chini kabisa, na Bibi amekaa juu yake anakula karanga, miguu imegusa sakafu.

"Walikuja Mwanaiddi na wenzake. Wakanishusha," alisema Bibi. "Mjukuu wangu, miaka mitatu sijagusa sakafu ya nyumba yangu. Nimefurahi."

"Sita kila mguu," Nyamizi alisoma.

Ikabaki nyumba ya mwisho, iliyoko kwenye ukingo wa korongo. Nyumba ya Mwenyekiti.

Mzee Machibya alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hapa hamna haja," alisema. "Nimeshasema, kwangu maji hayajagusa kizingiti."

Lakini bustani yake ilikuwa kubwa kuliko zote, kama inavyostahili cheo. Yasser akaanza kuhesabu. Kumi. Ishirini. Watu wakaanza kuhesabu naye. Ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba...

"ISHIRINI NA MANANE!"

"Saba kila mguu," Nyamizi alisoma taratibu.

Kisha Mwanaiddi:

"Mwenyekiti! Kumbe unalala ghorofani!"

Hapo hapakuwa na mtaa tena, kulikuwa na kicheko tu. Mkewe alitokea dirishani kuongeza chumvi: "Na ngazi tunayo! Anapanda kwa ngazi! Juzi alianguka!"

Mzee Machibya alijaribu kukasirika. Halafu kifungo cha koti kikashindwa, kikaruka, na mwenyewe akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa tai.

"Jamani," alisema, "mimi nilitaka tu wageni watuone watu."

"Wamewaona," alisema Injinia. Akachukua kalamu, akakata themanini na sita, akaandika upya. "Mtaa wa Darajani, alama thelathini na moja."

"TUMEFELI!" Mwanaiddi aliruka.

"Tumefeli! Tumefeli!" mtaa mzima uliitikia, na ngoma ile ile ya asubuhi ikapigwa tena, kwa nguvu zaidi.

* * *

Furaha haikudumu dakika tano.

"Injinia," Yasser alisema, uso umebadilika. "Zile alama za kwanza nilishazituma. Kikao kinaanza saa nane kamili. Wakizipitisha, imekwisha."

"Tuma nyingine."

"Intaneti imekata, na alama hazipokelewi kwa simu." Akainua tableti juu, kama vile mtandao uko kwenye waya za umeme. "Itabidi twende."

"Na itabidi aende mkazi," Injinia alisema. "Wakiniona mimi peke yangu nabadilisha namba zangu, watasema nimehongwa. Mwenyekiti, panda gari."

Mzee Machibya akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi? Nilishawapigia simu wakubwa wote nikawaambia themanini na sita. Cheti changu cha mtaa wa mfano kimeshaandikwa. Nisimame tena niseme nalala kwa ngazi? Hapana, mayu. Mtume mwingine. Mimi nitafanya kazi yoyote nyingine mtakayonipa, naapa."

Kiapo hicho mkikumbuke.

Macho yote yakamgeukia Nyamizi.

"Mimi sijui kuongea," alisema.

"Nini?" waliuliza wote.

"Anasema twende!" Mwanaiddi alitafsiri, akamsukuma kwenye gari.

"Chukua na tofali moja," Injinia alimwambia. "Lenye alama ya mguu. Waliguse wenyewe."

Nyamizi hakutaka kuchukua la mtu. Akakimbia kwao, akachomoa moja kwenye bustani ya Bibi, akalifunga kwenye kanga, akapanda.

Gari lilipokata kona, tone moja likaanguka kwenye kioo. Zito, kama limerushwa.

Nyamizi akageuka. Kule juu, upande wa mabati mapya, wingu lilikuwa limesimama jeusi tii. Na chini yake, vitanda vyote vya Darajani vilikuwa sakafuni!

"Simamisha!" alisema. Dereva hakusikia. Lakini kupitia kioo cha nyuma aliwaona wanawake wameshaliona wingu. Wanayang'oa matofali bustanini, wanakimbia nayo ndani mawili mawili, kanga zimegeuka nyeupe. Na katikati yao, koti bila kifungo, Mzee Machibya amebeba manne, anaingia kwa Bibi Dorotea.

Nyamizi akashusha pumzi.

* * *

Ukumbi wa Kashaulili ulikuwa umejaa, na juu kulikuwa na bati tupu bila dari. Mvua iliwakuta mlangoni. Walipoingia ndani ilikuwa inapiga kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia, magunia kwa magunia.

Mbele, mzee wa kikao alikuwa amesimama na kipaza sauti. Maneno yalifika nusu nusu.

"...Darajani, themanini na sita... mtaa wa mfano... mwenye neno aseme sasa, tupitishe..."

"Lipo!" Injinia alipunga mkono. "Mkazi ana neno!"

Nyamizi akajikuta ameshika kipaza sauti. Watu mia mbili walikuwa wanamtazama. Tofali lilikuwa zito kifuani.

"Mimi ni fundi," alisema. "Nashona sketi za vitanda."

"Hatusikii!" watu walipiga kelele.

"Nashona..."

"Hatusikii, dada! Kaa!"

Mvua ikaongezeka kwa dharau. Mzee wa kikao akatazama saa, akachukua kalamu.

Hapo ndipo simu ya Nyamizi ilipoita.

Alitaka kuikata. Akaona jina: Mwanaiddi. Akaiweka sikioni, akaiondoa haraka maana ilikuwa inaumiza.

"Nyamizi! Maji yamepita kizingiti! Mtaa mzima tumeinua vitanda, ila cha Bibi tumekwama! Tumehesabu mara tatu, tofali moja halipo! Ishirini na matatu! Tukipanga matano matano maji yatamfikia! Tumejaribu kinu, kirefu mno! Ndoo, imebonyea! Kila nyumba imesharudisha yake na hakuna la ziada, mke wa Mwenyekiti kashapanda ngazi na hataki kushuka! Tofali liko wapi?"

Nyamizi akashusha macho. Mikononi mwake, ndani ya kanga, lile tofali jeupe lilikuwa linamtazama na jicho lake la mduara.

La ishirini na nne.

"Bibi yuko wapi?" alisema.

"Juu ya kitanda! Anakula karanga! Miguu mitatu iko kwenye matofali, wa nne ameushika Mwenyekiti kwa bega! Amechuchumaa, maji yako kiunoni kwake, anasema bado ana nguvu, lakini mimi namwona, Nyamizi, magoti yanacheza!"

Kalamu ya mzee wa kikao iligusa karatasi.

Nyamizi hakujua kuongea. Hilo alishawaambia. Lakini alijua nani anajua. Akapiga hatua tatu mpaka meza kuu, akaliweka tofali juu ya karatasi, hapo hapo kwenye themanini na sita. Akabonyeza simu itoe sauti, akaibandika kwenye kipaza sauti.

"Dada Mwanaiddi," alisema, "hebu rudia. Rudia kama unauza dagaa."

Spika za ukumbi zikapiga mluzi. Kisha mvua yote ya Mpanda ikawa kimya mbele ya sauti moja.

"MAJI YAKO NDANI YA NYUMBA ZETU! MWENYEKITI WETU NI MGUU WA KITANDA! NANI KAWAAMBIA DARAJANI TUKO SALAMA?"

Kalamu ilidondoka. Watu wakasimama. Nyuma ya sauti ya Mwanaiddi, nyembamba lakini safi kabisa, ikasikika sauti ya Mzee Machibya ikiomba:

"Mayu... bega... bega limekufa ganzi..."

Halafu ikasikika chubwi.

Na simu ikakatika.